Macho ni Yetu, Mhadhara ni Wao

Mtu akichukua maumivu ya jirani yake, akayaandika kwa lugha ambayo jirani haielewi, akayasoma mbele ya watu wasioyajua maumivu hayo, kisha akapigiwa makofi na kwenda kunywa chai, amefanya nini? Katika vyuo vyetu vikuu jambo hilo huitwa utafiti. Mimi naliita deni. Na kwa kuwa wadaiwa ni wasomi, na wasomi hawapendi kudaiwa hadharani, nimeona niwadai kwa maandishi.

Ndugu msomaji, kwanza nieleze ninazungumzia nini. Tangu nistaafu nimehudhuria mihadhara kadhaa ya vyuo vikuu hapa nchini. Sitavitaja vyuo hivyo, kwani sina ugomvi na chuo kimoja. Ugomvi wangu ni na tabia. Siku hizi kuna elimu inayokua huko Ulaya na Marekani ambayo imefika kwetu pia: historia ya milango ya fahamu. Wanaoishughulikia hawaulizi tu nani alitawala na vita vilipiganwa wapi. Wanauliza watu wa zamani walinusa nini, waligusa nini, walionja nini, na mambo hayo yaliwafanya waogope nini. Elimu hiyo sasa imeunganishwa na historia ya magonjwa ya kuambukiza ya nchi za joto, na huo muungano ndio uliojaza kumbi nilizokaa.

Nisieleweke vibaya. Elimu yenyewe ni nzuri, tena inatufaa sana. Mfaransa Alain Corbin alichapisha mwaka 1982 kitabu kinachoonyesha jinsi watu wa Ufaransa wa karne ya 18 na ya 19 walivyoiogopa harufu mbaya kwa sababu waliamini kwamba uvundo wenyewe ndio ugonjwa. Neno malaria ni la Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Hadi Ronald Ross alipoona vijidudu vya malaria ndani ya mbu huko India mwaka 1897, waganga wakubwa wa Ulaya walikuwa wakiikimbia hewa ya vinamasi huku mbu wakiwauma shingoni. Na pua hiyo ya Ulaya ililetwa kwetu. Mwaka 1914 Profesa W. J. Simpson alizunguka Afrika Mashariki kwa niaba ya serikali ya Uingereza, akapendekeza miji igawanywe kwa rangi za watu: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao, na nafasi tupu katikati. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Mtu anayeishi mjini kwetu na kusikia bado majina ya Uzunguni na Uhindini anapaswa kujua kwamba majina ya namna hiyo, katika miji mingi ya Afrika Mashariki, yanatokana na fikra kwamba mwenzako ni ugonjwa unaotembea. Mhadhiri anayefundisha hayo anafanya kazi ya haki, nami nampa mkono.

Basi nalalamikia nini? Nina mashtaka matatu.

Shtaka la kwanza ni hili: pua inayochunguzwa si yetu. Mhadhiri anasema atatueleza historia ya hisi katika uwanda wa kati wa Tanzania. Tunakaa vizuri kusikiliza. Kisha anafungua Richard Burton, aliyepita Ugogo mwaka 1857, na Henry Stanley, aliyepita mwaka 1871. Tunaelezwa jua lilivyowachoma, vumbi lilivyowaingia, maji yalivyowachukiza na hongo ilivyowauma. Saa nzima inakwisha. Mgogo mwenyewe amepita katika hadithi hiyo kama kichaka kando ya njia: ananuswa, lakini hanusi.

Lakini tazama jina lililomo katika vitabu vyao hao hao. Wote wawili walivuka nyika iliyoitwa Marenga Mkali kabla ya kufika Ugogo. Kwa Kigogo maji ni malenga. Jina hilo lina maana ya maji makali, maji ya magadi yanayoukata ulimi. Nani aliyaonja kwanza na kuwaonya wenzake kwa kuipa nchi nzima jina la ladha yake? Si Burton. Alilikuta jina, akaliandika. Hapo pana historia ya ulimi iliyo ya zamani kuliko misafara ya wageni, nayo inapitwa kila siku na watafiti wenye haraka ya kurudi maktaba.

Mfano wa pili ni homa ya papasi. Nilizaliwa katika tembe, nyumba yetu ya Kigogo yenye paa bapa la udongo, na ngozi yangu inamjua papasi. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu na kuta. Usiku hutoka, hunyonya kwa muda mfupi, hurudi. Asubuhi unaona alama, mwenye alama humwoni. Homa yake huja kwa nguvu, hupoa, mgonjwa akadhani amepona, kisha hurudi tena. Katika vitabu vya tiba kijidudu cha homa hiyo kinabeba jina la Joseph Dutton, Mwingereza aliyeichunguza Kongo pamoja na mwenzake Todd, akaugua homa hiyo hiyo na kufariki mwaka 1905. Mwaka huo huo Robert Koch, Mjerumani, aliichunguza hapa kwetu, akamkuta papasi katika vibanda vya kupumzikia wasafiri na kuona kwamba vijidudu huingia hata katika mayai yake. Heshima yao wapewe; Dutton alilipa kwa uhai wake. Lakini wenyeji walikuwa wakijua kwamba mgeni asilale mahali fulani, na kwamba kibanda cha njiani kina homa kuliko nyumba iliyopakwa udongo upya. Ujuzi huo haukutokana na hadubini. Ulitokana na ngozi. Mihadhara niliyoisikia ilitaja Koch. Ngozi haikutajwa.

Nami sitaki kuwatukuza wazee kupita kiasi, kwani hapo pia pana mtego. Wageni wengi waliandika kwamba wenyeji hawaugui homa hii, na wenyeji wengine walikubali kusifiwa hivyo. Haikuwa kweli yote. Mtu mzima aliyeumwa mara nyingi huvumilia, ndiyo. Lakini watoto wadogo na mama wajawazito huugua vibaya, mimba huharibika na vichanga hufa. Waliotafiti katika eneo la Mvumi, kusini mwa mji wa Dodoma, waliyaona hayo mwishoni mwa karne iliyopita. Kwa hiyo simwambii mtafiti aamini kila anachoambiwa na mzee. Namwambia amuulize, kisha amuulize na mke wa mzee, maana yeye ndiye aliyezika.

Shtaka la pili: wanayageuza mateso kuwa pambo la hoja. Hapa nitaingia Kongwa.

Kongwa inajulikana duniani kwa mambo mawili. La kwanza ni karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga huko, ikauacha mwaka 1951 baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Mvua haikutosha, na udongo ule wakati wa kiangazi hugeuka mgumu kama saruji na kula majembe ya trekta. Mkulima yeyote wa pale angewaambia hayo kwa kuufinya udongo mkononi.

La pili ni vikope. Ugonjwa huu wataalamu huuita trakoma. Mtoto huambukizwa macho, hupona, huambukizwa tena na tena. Miaka inavyopita kovu hujengeka ndani ya kigubiko cha jicho, kigubiko hujikunja, na kope huelekea ndani. Kila mara mtu anapopepesa, kope hukwangua mboni. Niliwaona akina mama wa kijiji nilichofundisha wakikaa kivulini na kibano kidogo, mmoja akimng'oa mwenzake kope moja moja, kwa sababu bila hivyo hawawezi hata kuutazama moto wa kupikia. Wanawake hupofuka kwa ugonjwa huu hadi mara 4 kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio hukaa na watoto, na watoto ndio hubeba ambukizo. Sasa huo ndio mguso, enyi wanahistoria wa mguso! Hakuna kitabu kitakachowapa mfano mkubwa kuliko huo.

Lakini nimesikia mhadhiri akisema, kwa ufasaha kweli, kwamba uso mchafu ni dhana iliyoletwa na mkoloni, na kwamba kumwambia mama amnawishe mtoto ni kuendeleza utawala wa macho ya kigeni juu ya mwili wa Mwafrika. Watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Mimi nilimkumbuka inzi. Inzi yule mdogo apendaye macho ya watoto hajasoma nadharia. Huzaliana katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi, hufuata unyevu wa jicho na makamasi, na hupeleka ugonjwa kutoka uso hadi uso. Ni kweli kabisa kwamba mkoloni, na hata baadhi ya mabwana afya wetu wenyewe baada ya uhuru, walituita wachafu kwa dharau. Dharau hiyo ipigwe vita. Lakini kumwacha inzi usoni mwa mtoto ili kumkomoa mkoloni aliyekwisha kuondoka ni ujinga uliovaa joho.

Tena njia ya kuepuka makosa yote mawili ipo, na ilipitwa hapo hapo Kongwa. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walifika huko, wakashirikiana na wataalamu wetu. Hawakuanza kwa kuhubiri usafi. Waliuliza: maji yako mbali kiasi gani? Nani anaamua yatumike vipi? Mama akitaka kumnawisha mtoto, baba anasemaje? Wakagundua kwamba watu walidhani kunawisha uso kunahitaji maji mengi, na kwa mama anayetembea mwendo mrefu na ndoo kichwani, hilo lilikuwa anasa. Basi wakaonyesha hadharani kwamba maji kidogo sana yanatosha nyuso nyingi. Baadaye walijaribu jambo hilo kwa vijiji 6, vilivyopangwa jozi 3: vyote vilipata dawa ya macho ya tetrasaiklini, na nusu yake vikapewa pia kampeni ya kunawa uso. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995: trakoma kali ilipungua zaidi kule walikonawishwa watoto. Ndugu msomaji, angalia mpangilio wa kazi ile. Walianza na maswali juu ya maji, mikono na kichwa kinachobeba ndoo. Wakaishia na jicho la mtoto. Hiyo ndiyo historia ya hisi iliyofika mwisho wake. Mihadhara ninayoilaumu huanza na jicho la mtoto na kuishia na kikombe cha chai.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu kazi haijakwisha. Dunia iliweka lengo la kuondoa upofu wa trakoma ifikapo 2020, mwaka ukapita, sasa lengo ni 2030. Ghana ilithibitishwa mwaka 2018, na jirani zetu wa Malawi mwaka 2022. Dawa ya azithromaisini imekuwa ikitolewa bure kwa mamilioni ya watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuipata. Lakini dawa haichimbi choo wala haichoti maji.

Shtaka la tatu ndilo zito kuliko yote: lugha. Niliinua mkono katika mhadhara mmoja, nikauliza swali langu kwa Kiswahili. Kijana aliyeongoza kikao, mwenye adabu nzuri, alisema, "Shikamoo Mwalimu. Tunaomba, kama inawezekana, uulize kwa Kiingereza, kwa sababu ya wageni." Nilihesabu wageni: walikuwa 2. Waswahili tulikuwa ukumbi mzima. Nikauliza kwa Kiingereza, kwa kuwa nilifundishwa. Lakini bibi mmoja wa kijijini, aliyealikwa kama msimulizi na kuketishwa mstari wa mbele, alikaa saa mbili akisikia jina la kijiji chake likitajwa bila kujua kimesemwa nini juu yake.

Watasema Kiswahili hakina istilahi. Hoja hiyo ilikuwa imezeeka hata wakati ule. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Watasema elimu ni ya kimataifa. Sawa, makala ya London na iandikwe Kiingereza, sina neno. Lakini mhadhara juu ya macho ya Kongwa, unaotolewa umbali wa safari ya basi kutoka Kongwa, unamkimbia nani?

Tena katika elimu hii mahsusi, kukimbia Kiswahili ni kuikimbia hoja yenyewe. Kiingereza huigawa milango ya fahamu kwa vitenzi vyake: sikio lina lake, pua ina lake, ngozi ina lake. Sisi tunasema nasikia sauti, nasikia harufu, nasikia baridi, nasikia njaa, nasikia maumivu. Kitenzi kimoja kinakusanya sikio, pua, ngozi na tumbo. Macho peke yake yamebaki nje, kwani jicho huona. Je, hilo halina maana yoyote kwa mtu anayechunguza jinsi watu walivyoutambua ugonjwa? Mgonjwa anayemwambia daktari "nasikia homa" anaelezaje mwili wake? Sijasikia mhadhiri hata mmoja akiuliza. Hawezi kuuliza, maana amekwisha kuvitafsiri vitenzi hivyo kabla hajaingia ukumbini, na kimoja kimekuwa vinne.

Na wasiniambie kwamba wananchi hawawezi kuelewa sayansi. Mwaka 1973 nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu juzi. Serikali ilianzisha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakainuka na kutenda. Kikundi nilichokiongoza kilikuwa na wazee wasiojua kusoma. Walijadili mbu, kichocho na kuhara kwa Kiswahili na Kigogo, na kila kikao kilikwisha na swali moja: tufanye nini kesho? Kesho yake walichimba vyoo. Kila shimo lililochimbwa lilimnyima inzi wa macho mahali pa kuzaliana, hata kama siku hiyo hatukuwa tunazungumzia macho. Huo ulikuwa mhadhara. Wasikilizaji walitoka nao mikononi.

Atakayesema kwamba kazi ya mwanahistoria si kutibu, nitamjibu kwa jambo moja la leo. Homa ya papasi na malaria hufanana mwanzoni. Zamani mtaalamu wa maabara alipoitazama damu kwa hadubini akitafuta malaria, aliweza kukiona na kijidudu cha papasi. Siku hizi zahanati hutumia kipimo cha haraka cha malaria. Ni kipimo kizuri, kimeokoa wengi, lakini hakimwoni papasi. Mtoto mwenye homa akipimwa na malaria isionekane, nani atakumbuka kuuliza, "Mama, mmelala nyumba gani? Sakafu yake ni ya nini? Mtoto ana alama za kuumwa?" Hayo ni maswali ya historia ya hisi. Tembe zinapungua mwaka hadi mwaka, bati na saruji vinachukua nafasi yake, nami simlilii papasi. Lakini zilizobaki zina watu, na muuguzi kijana aliyetoka mkoa wa mbali hajui zinavyolalika. Mwanahistoria anajua, amekwisha kuandika kurasa 30. Karatasi moja kwa Kiswahili, ibandikwe ukutani mwa zahanati, ingemgharimu nini?

Kwa hiyo natoa madai manne. Kwanza, kila mhadhara juu ya ugonjwa wa watu wetu utolewe kwa Kiswahili hapa nchini, na wageni ndio watafutiwe mkalimani. Pili, utolewe kwanza kule ulikochotwa: Kongwa, Chamwino, Bahi, Mpwapwa, chini ya mbuyu au katika darasa la shule, na wenyeji wapewe nafasi ya kusema "hapo umekosea" kabla wasomi wa mbali hawajapiga makofi. Tatu, nakala ya Kiswahili iachwe katika shule na zahanati ya kijiji. Walimu wapo. Watoto wa darasa la sita wanaweza kuwahoji bibi zao na kuandika, nami naamini wataleta maneno ya Kigogo ambayo hakuna mtafiti aliyeyapata. Nne, mhadhara ukimalizika, aulizwe mhadhiri mbele ya watu wote lile swali la mwaka 1973: tufanye nini kesho? Asipokuwa na jibu, si aibu. Aketi na wasikilizaji walitafute pamoja. Aibu ni kutoulizwa kabisa.

Haya si madai makubwa. Hayahitaji maabara wala fedha za mfadhili. Yanahitaji basi la kwenda Kongwa, nusu siku, na lugha ambayo mhadhiri mwenyewe, nikimsikiliza anavyozungumza na mama yake kwa simu mara tu anapotoka ukumbini, anaijua vizuri sana.